Habari za Usukani wa Motokaa

Neno "mpya" lina maana mbili katika mtaa wa Huruma, mjini Eldoret. Nguo mpya ni ile ambayo haijavaliwa na mtu, na sufuria mpya ni ile ambayo haijaonja moto. Lakini motokaa mpya ni motokaa yenye namba mpya. Namba za herufi KD zilianza kutolewa mwaka 2020, na tangu hapo watoto wa mtaani wamezisoma kwa wepesi kuliko wasomavyo vitabu vyao. Ikipita motokaa yenye herufi zilizotolewa karibuni, majirani husema, "Fulani amenunua gari jipya," na kwa upande mmoja husema kweli. Lakini, msomaji, ungepata nafasi ya kutazama karatasi zake, mara nyingi ungekuta kwamba motokaa hiyo iliundwa Japani miaka saba iliyopita, ikatumiwa na mtu usiyemjua katika mji usioujua, ikapakiwa melini hadi Mombasa, ndipo ikapewa namba ya Kenya kana kwamba imezaliwa siku hiyo.

Nataka tuzungumze juu ya motokaa ya namna hiyo, na hasa juu ya kiungo chake kimoja, yaani usukani. Jambo lenyewe si dogo. Familia ya mwalimu, au muuguzi, au mfanya biashara ya mahindi, huweka akiba miaka mingi, kisha hukopa katika chama cha ushirika, ili ipate motokaa ya kuwapeleka watoto shuleni na wazee hospitalini. Basi kabla hata robo ya mkopo haijalipwa, usukani huanza kuwa mzito ghafula, au hucheza mkononi, au huvuta upande mmoja kama punda aliyeona majani. Nani alaumiwe? Muuzaji husema ni barabara. Mwenye motokaa husema ni muuzaji. Fundi husema ni vipuri vya bandia. Mabishano hayo husikika katika gereji zote za mji huu, na wanaobishana hawana habari kwamba yana historia ndefu, iliyopita katika mahakama na mabunge ya nchi za mbali.

Tuanze hapa hapa katika uwanda wa Uasin Gishu. Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilishuka melini Mombasa, likapanda gari moshi hadi Nakuru, na kutoka hapo likaja kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, likipasua misitu na matope ya mlimani hadi uwanda huu, ambao Wanandi walikuwa wakilishia mifugo yao na ambao serikali ya kikoloni iliugawa bila kuwauliza. Mji ulioota hapa uliitwa kwanza Sitini na Nne, kwa kuwa ulianzishwa katika shamba nambari 64. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, na reli haikufika mpaka mwaka 1924. Kwa muda wa miaka kumi na sita, basi, vitu vizito vilifika hapa kwa gari la ng'ombe.

Je, umepata kuona picha ya gari la namna hiyo? Magurudumu mawili ya mbele yamefungwa katika mti mmoja, na mti huo huzunguka juu ya msumari mkubwa ulio katikati yake. Ng'ombe wakigeuka kulia, mti wote hugeuka kulia pamoja na magurudumu yake mawili. Njia hii ni rahisi, tena ni ya kale sana, lakini ina hasara mbili. Ya kwanza, gari likikata kona kali, gurudumu la ndani huingia chini ya sanduku, na gari husimama kama kigoda cha miguu mitatu, tayari kupinduka. Ya pili, gurudumu moja likigonga jiwe, mti wote huruka pembeni kwa nguvu, maana jiwe limepata wenzo mrefu wa kuusukuma.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana Ulaya muda mrefu kabla Makaburu hawajalikanyaga tope la Timboroa. Georg Lankensperger, muunda magari ya farasi wa mji wa Munich, alifikiri hivi: mti wa mbele usigeuke kabisa, ila kila gurudumu ligeuke peke yake juu ya bawaba yake, na magurudumu mawili yaunganishwe kwa fimbo. Wakala wake Rudolph Ackermann akaandikisha haki ya uvumbuzi huo London mwaka 1818, na kama itokeavyo mara nyingi duniani, jina lililobaki vitabuni ni la wakala, si la fundi. Tena yafaa kutaja kwamba Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin mwenye habari za viumbe, alikuwa ameliwaza jambo hilo hilo karibu miaka sitini kabla yao, akitaka gari la kumpeleka kwa wagonjwa wake bila kupinduka njiani.

Wewe unayesoma hesabu za maumbo waweza kuhakikisha fikira hiyo kwa bikari. Chora miduara miwili yenye kitovu kimoja, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Gurudumu la ndani la motokaa inayokata kona hufuata ule mdogo, na la nje hufuata ule mkubwa. Kwa hiyo haiwezekani magurudumu yote mawili yageuke kwa pembe moja; la ndani lazima ligeuke zaidi. Pembe hizo zikiharibika kidogo tu, gurudumu moja huburutwa badala ya kubingirika, na tairi huliwa upande mmoja mpaka nyuzi zionekane. Hili ulikumbuke, kwa maana tutalirudia tutakapofika katika gereji za Huruma.

Karl Benz, Mjerumani aliyeandikisha motokaa yake mwaka 1886, aliiundia magurudumu matatu tu, kwa sababu hakupendezwa na namna yoyote ya kuongoza magurudumu manne aliyoijua. Hakuwa na gurudumu la usukani, ila mkono mdogo wa kugeuza. Mwezi wa Agosti 1888 mke wake, Bertha, aliichukua motokaa hiyo pamoja na wana wao wawili, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika alimwomba fundi wa viatu azipigilie ngozi. Huo ndio mwanzo wa motokaa ya familia, na kama uonavyo, ubovu wa njiani ulizaliwa siku ile ile. Benz mwenyewe aliridhika na usukani wa magurudumu manne mwaka 1893 tu. Usukani wa mviringo, kama tuujuavyo sasa, ulionekana katika mashindano ya Paris hadi Rouen mwaka 1894, katika motokaa ya Panhard iliyoendeshwa na Alfred Vacheron.

Miaka ilivyopita, motokaa zilizidi uzito, na mikono ya watu haikuzidi nguvu. Katika miaka ya 1920 mhandisi Mmarekani, Francis W. Davis, aliunda usukani unaosaidiwa na mafuta yanayosukumwa kwa pampu, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza motokaa zenye msaada huo. Baadaye Wajapani walitoa mafuta wakatia umeme: mwaka 1988 motokaa ndogo ya Suzuki iitwayo Cervo ilitoka na usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Leo motokaa nyingi ndogo ziletwazo kwetu zina msaada wa namna hii. Ndani ya mhimili wa usukani mna kifaa kinachopima nguvu ya mkono wako. Habari hiyo hupelekwa kwa kompyuta ndogo. Kompyuta huiamuru mota isukume kiasi fulani. Betri ikichoka, au waya ukilegea, au maji yakiingia penye viungio vya umeme, kompyuta huacha kazi na kuwasha taa ya onyo. Usukani haukatiki, maana chuma kingali kimeunganishwa na magurudumu. Lakini huwa mzito ghafula, na dereva asiyejua hudhani kwamba umekwama. Wengi huingia mtaroni kwa hofu kuliko kwa ubovu wenyewe.

Sasa tuje kwa zile barabara zetu. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari. Mwaka huo wa kwanza Alan Dix alifanya vizuri kupita wote kwa Volkswagen ndogo. Mashindano hayo yalikuwa na faida ambayo watu wa leo wameisahau: motokaa zilizoshindana zilifanana sana na zile zilizouzwa madukani, kwa hiyo mkulima wa Uasin Gishu alisoma gazeti la Jumanne baada ya Pasaka kama mnunuzi asomavyo orodha ya bei. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza, na 7 tu zikamaliza, mbele yao Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Peugeot 404 ilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Hapana ajabu kwamba kwa miaka mingi iliyofuata neno "Peugeot" katika Bonde la Ufa lilikuwa na maana ya teksi ya safari ndefu.

Lakini ushindi ninaoupenda mimi ni ule wa mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika, iliyokuwa imechakazwa na mashindano ya nyuma. Wenye motokaa mpya kabisa walibaki njiani katika tope. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alijua kila nati ya motokaa yake. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako watu wasemao kwamba motokaa iliyotumika lazima iwe mbovu. Si lazima.

Na ile iliyo mpya kabisa, je, lazima iwe nzima? Hapa hatuna budi kuvuka bahari tuende Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1959 kampuni ya General Motors, kwa jina la Chevrolet, ilitoa motokaa ya familia iliyoitwa Corvair. Ilikuwa ndogo kwa kipimo cha Wamarekani, ya bei nafuu, yenye umbo la kupendeza, na injini yake ilikaa nyuma kama ya Volkswagen. Kwa kuwa uzito mwingi ulikuwa nyuma, na kwa kuwa ekseli za nyuma zilining'inia kwa namna ambayo gurudumu liliweza kujikunja chini ya motokaa katika kona kali, waundaji waliagiza kwamba tairi za mbele zijazwe upepo kidogo sana, ratili 15 kwa kila inchi ya mraba, na za nyuma 26. Maadam tofauti hiyo ililindwa, usukani ulitii. Lakini nani aliyeilinda? Mwenye motokaa hakusoma kitabu cha maelezo, na kijana wa kituo cha petroli alijaza tairi zote nne sawasawa, kama alivyozoea. Ndipo motokaa ilipoingia konani, sehemu ya nyuma ikateleza kutaka kuipita ya mbele, na dereva, mtu wa kawaida aliyekuwa akirudi nyumbani na wanawe, hakujua la kufanya.

Kesi nyingi zilifikishwa mahakamani. Kampuni ilisema kwamba madereva ndio wenye makosa. Mwezi wa Novemba 1965 wakili kijana, Ralph Nader, alitoa kitabu kilichosema kwamba makosa yalianza mbali zaidi, katika chumba cha wachoraji wa kampuni, ambako chuma cha bei ndogo cha kuifanya motokaa itulie kiliachwa ili kuokoa fedha. Alieleza pia jinsi mhimili wa usukani wa motokaa nyingi za wakati huo ulivyokuwa kama mkuki uliomwelekea dereva kifuani, tayari kumchoma motokaa ikigonga kitu.

Kampuni ingalimjibu kwa hoja, pengine watu wangalimsahau. Badala yake iliajiri wapelelezi wamfuate na kuchunguza maisha yake ya siri, na habari hiyo ikafichuka. Mwezi wa Machi 1966 mkuu wa kampuni, James Roche, alisimama mbele ya kamati ya baraza la Seneti akaomba radhi hadharani. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria iliyoipa serikali ya Marekani mamlaka ya kuweka viwango vya usalama wa motokaa. Na baada ya muda mfupi mhimili wa usukani wenye kujikunja unapogongwa ukawa jambo la lazima kwa motokaa mpya nchini humo.

Habari hii ina mkia wa ajabu. Mwaka 1972 wataalamu wa serikali hiyo hiyo, baada ya kuijaribu Corvair ya miaka ya kwanza pamoja na motokaa nyingine za rika lake, walitoa taarifa kwamba haikuwa na hatari kupita wenzake. Nader alikataa. Wako wanaosema mpaka leo kwamba aliionea. Kwa maoni yangu, taarifa ile haikuifuta hoja yake kubwa, kwa sababu hata kama motokaa zote za wakati ule zilikuwa na kosa moja, wingi wa wakosaji haufanyi kosa kuwa haki. Tena motokaa inayohitaji kila mjaza upepo awe msomi wa kitabu cha maelezo imeundwa kwa ajili ya watu wasiokuwapo.

Wala usidhani kwamba mambo hayo yaliisha zamani. Mwaka 2014 kampuni hiyo hiyo ya General Motors iliita motokaa ndogo zipatazo milioni 2.6, Chevrolet Cobalt na nyinginezo, kwa ajili ya kitu kidogo sana: swichi ya ufunguo. Swichi ililegea, hata goti la dereva, au uzito wa funguo nyingi, likaweza kuizima injini motokaa ikiwa mbioni. Injini ikizimika, msaada wa usukani na wa breki ulikwenda nao, na mifuko ya upepo ya kumkinga dereva haikufumuka. Vifo 124 vilikubaliwa kuwa vimetokana na ubovu huo, na wahandisi fulani wa kampuni walikuwa na habari za swichi hiyo zaidi ya miaka kumi kabla.

Japani nayo ina yake. Mwaka 2000 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja, ikizitengeneza motokaa mbovu kimya kimya badala ya kuzitangaza. Mwezi wa Novemba 2012 Toyota iliita motokaa zaidi ya milioni 2.7 duniani kote, zikiwamo za jina la Corolla na Prius, na katika nyingi za hizo sababu ilikuwa chuma cha kuunganisha usukani na magurudumu, ambacho kiliweza kulika kikizungushwa kwa nguvu hadi mwisho mara nyingi. Mwaka 2014 iliita tena zipatazo milioni 6.39 kwa ubovu wa namna mbalimbali, na miongoni mwake vifungo vya mhimili wa usukani.

Sasa fikiri, msomaji. Kampuni ikiita motokaa, humwandikia barua mwenye motokaa ambaye jina lake limeandikishwa. Barua hiyo humfikia mtu wa Osaka au Nagoya, naye hupeleka motokaa yake ikatengenezwa bila malipo. Lakini ikiwa motokaa hiyo ilikwisha kuuzwa, ikavuka bahari, ikapanda kilomita karibu 800 kutoka Mombasa hadi Eldoret, nani atamwandikia barua mtu wa Huruma? Hakuna. Chuma kile kibovu kimo humo humo, na namba yake mpya inang'aa.

Labda utauliza kwa nini motokaa za Japani huja kwetu kwa wingi hivyo. Sababu ya kwanza ni kwamba Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, na usukani wao uko kulia. Ya pili ni sheria yao: motokaa ya familia hukaguliwa na serikali inapotimiza miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi wanaona afadhali kuuza. Ya tatu ni sheria yetu. Tangu soko letu lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, motokaa zilizotumika zilimiminika, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa likaweka kiwango kwamba isiingizwe motokaa iliyopita miaka minane tangu iandikishwe mara ya kwanza, na kwamba ikaguliwe huko itokako kabla ya kupakiwa. Kwa hiyo motokaa nyingi hufika karibu na mpaka wa miaka hiyo, maana ndipo bei yake ya kununulia inaposhuka. Kiwango hicho ni kizuri, lakini ukaguzi wa siku moja bandarini hauwezi kuona kila kitu, na saa ya kuhesabu kilomita hurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu kwa urahisi kuliko saa ya ukutani.

Sheria haikumwacha mnunuzi mtupu. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, yasema kwamba mfanya biashara auzaye kitu kwa kazi inayojulikana huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba kitu hicho kinafaa kwa kazi hiyo. Lakini sheria hiyo ina kichochoro ambacho wengi hawakijui: ukikikagua kitu mwenyewe kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia ubovu ambao ukaguzi ule ulipasa kuuonyesha. Mtu anayezunguka motokaa mara tatu akipiga tairi kwa teke, kisha akalipa, amejifunga mwenyewe asipojua. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imeongeza nguvu: mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kutosha, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hizo, na haki ya kulipwa akipata hasara au jeraha kwa ajili ya ubovu. Ile haki ya kupewa habari ndiyo inayotumika kidogo kupita zote. Namba iliyochongwa katika chuma cha motokaa yatosha kuulizia kwa kampuni iliyoiunda kama iliwahi kuitwa, na kama ilitengenezwa. Muuzaji akikataa kuionyesha kabla ya malipo, amekwisha kukujibu.

Turudi Huruma. Jina la mtaa ni jema, lakini vichochoro vyake visivyo na lami havina huruma kwa magurudumu. Eldoret imekuwa jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, nayo imesimama juu ya uwanda wenye mwinuko wa meta zipatazo 2,100, ambako masika ni marefu. Mvua ikinyesha, mashimo hujaa maji yenye mchanga. Katika viungo vya usukani mna vifuniko vya mpira vilivyojaa grisi. Mpira huo, baada ya miaka saba ya baridi na joto la Japani, umekwisha kukauka. Jiwe moja laupasua. Mchanga na maji huingia, grisi hutoka, na kiungo kilichoundwa kudumu miaka mingi hulika kwa miezi. Je, hapo kosa ni la jiwe, au la mpira, au la mtu ambaye hakuinama kuutazama? Nadhani waona sasa kwa nini mabishano ya gereji hayaishi.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu wenyewe kabisa. Motokaa hizi ziliundwa chini chini kwa ajili ya barabara laini. Mwenye kuinunua, akiona inakwaruza tumbo kwenye matuta, huipeleka iinuliwe kwa vipande vya chuma au plastiki juu ya springi, ambavyo mafundi huviita spesa. Motokaa husimama kwa madaha, na majirani huisifu. Lakini fimbo za usukani, ambazo zilipaswa kulala karibu sawasawa, sasa zimeinama kama mikono ya mtu anayeshika ndoo. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, fimbo hulivuta kidogo kando, na zile pembe tulizozichora kwa bikari huvurugika. Usukani hutangatanga, tairi huliwa upande, na mwenye motokaa huenda kumgombeza aliyemwuzia Mombasa. Akiwa ameinua motokaa kwa sababu ya haki, basi hana budi kuipeleka mara moja ikapimwe na kunyoshwa magurudumu kwa mashine, na si kwa kamba na jicho.

Mafundi wa jua kali hulaumiwa kupita kiasi. Wengi wao husikia ubovu kwa sikio kabla hujazima injini, na chuma wanakijua kama mama ajuavyo mtoto wake. Kinachowashinda ni umeme. Fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta ya motokaa hubahatisha: hubadili betri, kisha mota, kisha usukani mzima uliong'olewa katika motokaa nyingine, na kila mara mfuko wa familia hulia, kumbe ulikuwa waya mmoja wa kwenda ardhi ulioshika kutu. Kwa hiyo usukani ukiwa mzito ghafula na taa ya onyo ikiwaka, mtafute kwanza mwenye mashine. Ukitetemeka tu ifikapo mwendo wa kilomita 80 kwa saa, yamkini ni tairi zisizo na uzani sawa, na gharama yake ni ndogo. Ukivuta upande mmoja daima, upepo wa tairi utazamwe kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini ukicheza, yaani ukiugeuza kidogo na magurudumu yasiitikie, usisafiri nao hata kufika Iten, sembuse kuteremka bonde la Kerio. Ubovu huo hauhitaji mashine, wahitaji watu wawili. Mmoja na aketi kitini, injini imezimwa na magurudumu yakiwa juu ya ardhi, akitikise usukani kushoto na kulia polepole, kiasi cha upana wa vidole viwili. Wa pili na alale chini mbele ya motokaa akiwa na taa, aweke mkono juu ya kila kiungo kwa zamu, akianzia pale mhimili wa usukani unapoingia na kumalizia gurudumuni. Kiungo kizima husogea pamoja na jirani yake. Akikuta kimoja kinachogonga mkononi mwake, kikitangulia kusogea na mwenziwe akifuata nyuma kwa kuchelewa, hapo ndipo penye ugonjwa.